Tabora: Datsun 240Z ya marehemu iko chini ya mwembe, niitengeneze kwanza ndo niuze au niiuze ilivyo?

Mwana_Isevya:

Wakuu habari za muda huu. Naomba mawazo yenu maana hapa nyumbani kila mtu ana lake na mie ndo nimetwishwa mzigo.

Baba mkubwa alitangulia mbele za haki mwaka jana. Kwenye vitu alivyoacha kuna gari iko hapa Isevya nyuma ya nyumba, Datsun 240Z, ile ya milango miwili, siti mbili, boneti refu hadi ukikaa kwenye usukani huoni pua inaishia wapi. Aliinunua kwa mfanyabiashara mmoja wa Kihindi wa hapa mjini aliyekuwa anafunga duka anahama, ile miaka ya baada ya majumba kutaifishwa 1971. Wazee wa hapa wanasema ikipita mtaani watoto wote nje. Mie kuzaliwa kwangu nimeikuta imesimama, sijawahi hata kuisikia inaunguruma.

Hali yake sasa. Rangi ni ya machungwa, ya kiwandani, imepauka ila haijawahi kupigwa nyingine juu. Injini ipo yote, silinda sita, kabureta mbili zipo, haijafunguliwa. Tairi zimelala chini. Floo upande wa dereva imeliwa, ukikanyaga vibaya mguu unakutana na ardhi ya Mnyamwezi. Milango imeanza kutoboka chini. Kioo cha taa moja kimepasuka, rimu zote nne zipo, redio ipo, siti zipo ila ya abiria kuna kuku amejimilikisha anatagia humo na mama mkubwa hataki asumbuliwe.

Sasa makundi yako matatu. Jamaa wa vyuma chakavu wameshakuja wametaja laki nne wanachukua leo leo. Fundi mmoja wa Gongoni anasema nimpe milioni sita, ananyoosha bodi, anapiga rangi nyekundu ya moto, injini hiyo anatoa anaweka ya Toyota "uwashe kwa ufunguo kama gari za watu". Afu kuna binamu yangu yuko Dar, yeye kanitumia picha kutoka intaneti, gari kama hii hii imeuzwa mnadani Marekani dola 310,000, ananiambia nisiguse kitu sisi ni matajiri tayari, kila siku ananipigia kuuliza kama geti linafungwa.

Mama mkubwa yeye anataka hela ya kumalizia kupaua nyumba ya wapangaji, hana habari na historia. Nifanyeje wakuu, niitengeneze ndo niuze au niiuze kama ilivyo? Na tunauza kwa nani, maana hapa Tabora mwenye hela anataka Land Cruiser.

Nawasilisha.

---

Spana_Kumi_na_Nne:

Kijana kwanza huyo fundi wa milioni sita mwambie asante, kanywe naye chai, ila asiiguse hiyo gari. Sisemi ni fundi mbaya, kwa Noah na IST anaweza kuwa hatari sana, ila akitoa hiyo injini akaweka ya Toyota kakubakishia bodi tu ya Datsun, na bodi ndo hiyo imeoza. Mtu anayetafuta 240Z anatafuta L24, ile injini ya lita 2.4 ya silinda sita mstari mmoja, na anataka namba ya injini ifanane na iliyoandikwa kwenye kibati cha utambulisho wa gari. Ukiitoa ukaitupa hairudi.

Mie nimekaa na hizi injini za familia ya L miaka mingi maana Nissan Patrol za petroli za mwanzoni mwa miaka ya 80 zilikuwa na L28, ndugu yake mkubwa. Hizi injini hazifi kirahisi. Bloku ni chuma, hedi ni alumini, sampo inabeba oili ya kutosha. Kinachoziua ni kuchemka na watu wenye haraka. Kwa hiyo USIIVUTE KUIWASHA. Usikae na vijana sita mnasukuma. Injini ikilala muda mrefu ringi zinashikana na ukuta wa silinda, ukiivuta kwa nguvu ringi inakatika au inachana silinda.

Fanya hivi: toa plagi zote sita, kila tundu mimina vijiko kadhaa vya dizeli uliyochanganya na oili ya gia otomatiki, ziba, acha. Acha kweli, usirudi kesho. Baada ya wiki moja mbili chukua spana ndefu, shika nati ya mbele ya krenki, zungusha polepole kwa mkono bila kulazimisha. Ikisogea hata nusu inchi, shukuru Mungu, ongeza oili rudia. Ikizunguka raundi nzima bila kukwama basi una injini. Ikigoma, acha igome, andika hivyo hivyo kwenye tangazo, hiyo haiharibu thamani kama kuilazimisha kunavyoharibu.

Kabureta usizifungue mezani kwa mke. Zile ni Hitachi, mtindo wa SU. Toa kichujio cha hewa, ingiza kidole, inua ile pistoni ya ndani, iachie. Inatakiwa ishuke yenyewe na iseme "tak". Ikishuka kwa kujikokota kuna uchafu au imeshika kutu, ikikwama juu ni kazi ya kusafisha tu. Juu kuna kofia ndogo, ukiifungua kuna kifimbo kinaogelea kwenye oili nyepesi, wengi hawajui kama kuna oili pale, wanaona gari inakohoa ukikanyaga mafuta wanasema kabureta imekufa wanafunga ya Corolla. Nimeona hilo mara nyingi sana na linaniuma.

Petroli iliyomo kwenye tanki hiyo sio petroli tena ni lami, usiruhusu hata tone liende mbele.

Sasa kutu. Umesema iko chini ya mwembe. Fungua boneti, angalia ile grili iliyo chini ya kioo cha mbele pale waipa zinapokaa. Humo chini ni kama mfereji, una matundu ya kutolea maji pembeni. Nakuhakikishia umejaa majani ya mwembe yameshakuwa mbolea. Maji yanakaa pale, yanapenya ndani, yanashuka kwenye floo, ndo maana mguu wako unakutana na ardhi. Toa hayo majani kwa mkono leo. Halafu angalia chini ya betri, asidi imekula, angalia nyuma ya tairi za nyuma pale kizingiti kinapokutana na fenda, na muhimu kuliko vyote lala chini uangalie zile reli mbili za chesisi zinazopita chini ya floo. Chukua bisibisi, gonga. Ikilia ngo ngo ni nzima, ikizama tupigie simu.

---

Mtaa_wa_Pili:

Chukua laki nne mkuu, kuku umuuzie na gari pamoja 😂😂 unatuletea habari za dola laki tatu na elfu kumi na kuku ndani

---

Mwana_Isevya:

😂 kuku nimekatazwa. Spana nashukuru sana mzee wangu. Majani nimetoa, ndoo mbili, na humo ndani kulikuwa na mche wa mwembe umeota kabisa una majani manne. Nitajaribu hilo la dizeli. Ila sasa hii ya dola 310,000 ni uongo au kweli? Maana binamu ameshaanza kuongea na ukoo.

---

Vumbi_la_Safari:

Ni kweli na ni uongo kwa wakati mmoja. Mnada ni kweli, Januari 2020, kwenye Bring a Trailer, mtandao wa minada ya magari, 240Z ya 1971, dola 310,000, kwa wakati ule zaidi ya milioni 700 za kwetu. Lakini ile gari ilikuwa haijaguswa, imetembea maili elfu ishirini na kitu tu toka kiwandani, rangi ya kwanza, imetunzwa vizuri. Watu wawili wenye hela wakapandishiana. Haijawa bei ya soko, ni bei ya ile gari na ile siku. Za kawaida zinazotembea vizuri ni makumi ya maelfu ya dola, na iliyooza ni chini ya hapo kwa mbali. Mwambie binamu apumzishe ukoo.

Ila na nyie mnaomcheka msimcheke sana. Afrika Mashariki 240Z sio gari tu. Safari Rally, yale mashindano makubwa ya magari ya huku kwetu, ya 1971 ilichukuliwa na 240Z ya Edgar Herrmann na Hans Schüller, na ya pili ikawa 240Z nyingine ya Shekhar Mehta, yule Mganda. Mwaka uliofuata Ford Escort ya Mikkola ikapita nayo, dereva wa kwanza kutoka nje ya Afrika Mashariki kushinda. 1973 Mehta akarudi na 240Z, akamaliza sare ya pointi na Källström aliyekuwa na Datsun nyingine, wakaamua kwa kuangalia nani alikwenda mbali zaidi bila kupata adhabu, ndo Mehta akapewa. Ile gari iliyoshinda 1971 Nissan wenyewe, wenye jina la Datsun, wameihifadhi Japani. Na kabla ya hapo, vijana wa leo hawajui, Bert Shankland alikuwa anaishi Dar hapa hapa, akashinda 1966 na 1967 na Peugeot 404. Kwa hiyo gari ya namna hii iliyouzwa mpya huku huku, ikaishi huku huku, ina stori ambayo ya Marekani haina. Stori inaongeza bei kama una ushahidi. Bila ushahidi ni porojo za kijiweni.

Swali kwako: namba ya chesisi inasemaje? Iko imegongwa kwenye ukuta wa bati kati ya injini na dashibodi, na kuna kibati kwenye chumba cha injini. Ikianza HS30 ni 240Z ya usukani wa kulia. HLS30 ni ya kushoto. Ikiwa RS30 basi ni 260Z, watu huzichanganya sana, kuanzia 1974. Na namba ya injini iko kwenye bloku yenyewe, inaanza L24. Safisha kwa brashi laini na mafuta ya taa. Usipige msasa! Namba iliyosuguliwa mnunuzi anaona imechezewa.

---

Mama_Ushauri_Bure:

Nyie wanaume mmeshafika Japani, mimi nauliza kadi ya gari iko wapi na iko jina la nani?

Mdogo wangu nisikilize. Gari ni ya marehemu. Mpaka sasa hiyo gari sio yako, sio ya mama mkubwa peke yake, ni ya mirathi. Je, kikao cha ukoo kimekaa, muhtasari upo, mahakama imemteua msimamizi wa mirathi? Kama bado, usipokee hata shilingi ya mtu wala usimpe fundi advansi. Ukiuza bila usimamizi, mtoto mmoja wa marehemu akitokea Mpanda kesho akasema hakushirikishwa, umeshatafuta kesi, na mnunuzi wa nje mwenye akili atakimbia kabla hata hajauliza injini. Cheti cha kifo, muhtasari, mahakama, ndo baadae TRA, mamlaka ya mapato, kubadilisha umiliki.

Na kama kadi bado ina jina la yule Mhindi, kwamba marehemu alinunua kwa kuaminiana wakapeana mkono na risiti ya karatasi ya daftari, hapo ndo kuna kazi. Tafuta hiyo karatasi. Wazee wale walikuwa wanatunza, angalia kwenye sanduku la bati, kwenye mfuko wa vyeti vya watoto, ndani ya msahafu au Biblia. Karatasi hiyo ina thamani kuliko hiyo rangi nyekundu.

Lingine, namba za mbele na nyuma zikoje? Kama bado ina zile za zamani, kabla ya hizi za T na tarakimu tatu na herufi tatu, maana yake haikuwahi kusajiliwa upya, nenda TRA Tabora na kadi uulize taratibu mapema. Nenda mwenyewe. Usimtume dalali.

---

Gungu_Kwetu:

Nipo Kigoma huku, naomba nipingane kidogo na wakubwa. Mie nimewahi kufufua Peugeot 504 ya mzee wangu, iliyokuwa imelala Ujiji, na ninasema kama una moyo, ifufue. Pesa haikurudi na wala sikuitegemea irudi. Jumapili naishusha Kibirizi na wanangu nyuma na hakuna V8 inayogeuziwa shingo kama ile. Sio kila kitu kinapimwa kwa mnunuzi wa Ulaya.

Ila yangu ilikuwa ya baba na baba yupo hai, analipia petroli 😀. Wewe una mama mkubwa anataka bati, hesabu ni nyingine. Na 504 spea zipo, hata ukikosa huku unapata Bujumbura. 240Z vioo, mikanda ya raba, taa za nyuma, zile chrome za bampa, vyote ni vya kuagiza, na usafiri na ushuru juu. Gari hizi mambo ya injini ndo rahisi, kinachokumaliza ni vitu vidogo vidogo. Raba ya kioo cha mbele tu ukimpa fundi wa haraka anaitoa kwa bisibisi anaikata, kioo anakipasua, umeshaingia hasara ya kuagiza kioo cha kupinda kutoka ng'ambo kwa treni hadi Tabora.

Mkiwa mnasubiri naomba hiyo kuku apewe heshima, yeye ndo amelinda siti.

---

Spana_Kumi_na_Nne:

Gungu hujapingana, umeongea ukweli. Kufufua kwa ajili ya kukaa nayo ni jambo jema. Kufufua ili uuze ndo mtego. Ili hiyo gari iwe safi kweli kweli unatakiwa kuivua yote, floo mpya, reli, milango, vizingiti, rangi iliyopigwa chumbani sio chini ya turubai na vumbi la Tabora linapita, chrome, siti. Mnunuzi anayeelewa akikuta pati, ile lepe ya kuziba matundu ya bodi, chini ya rangi mpya anakata bei kuliko angekuta kutu wazi. Kutu anaiona anaipigia hesabu, pati haoni mwisho wake. Sumaku tu inatosha kumwambia, anapitisha mlangoni ikidondoka anajua pale hakuna bati.

Na kitu kimoja kizuri watu hawajakwambia: gari yako imekaa Tabora. Ingekuwa Dar miaka yote hiyo, na upepo wa chumvi ule, leo ungekuwa unazoa unga. Huku kiangazi kirefu kinakausha. Toa hilo la mwembe, juu ya gari kuko vipi? Paa, boneti, fenda?

---

Mwana_Isevya:

Nimerudi wakuu. Nimesafisha na mafuta ya taa kama alivyosema Vumbi. Inasoma HS30 na namba nyuma yake, kwenye kibati na kwenye ukuta ni ile ile. Bloku inaanza L24 na namba yake inalingana na ya kibati. Nimepiga picha mpaka simu imejaa.

Paa na boneti ni nzima, kutu ya juu juu tu kama unga. Fenda ya kulia imebonyezwa zamani. Reli za chini nimegonga, ya abiria inalia vizuri, ya dereva mbele inalia ila karibu na nyuma bisibisi imezama kidogo. Kitako cha betri hakipo, kimeisha.

Mama Ushauri nakushukuru sana dada yangu, kadi imepatikana, kweli ina jina la yule mfanyabiashara, na karatasi ya mauziano ipo, ilikuwa kwenye bahasha ya picha za harusi ya baba mkubwa. Ina sahihi mbili na stempu juu yake. Na kwenye hizo picha za harusi gari ipo, imepambwa maua, namba inasomeka. Kikao cha ukoo kimepangwa, msimamizi atakuwa mtoto wake mkubwa.

Injini bado inaogelea, sijaizungusha.

---

Vumbi_la_Safari:

Weweee. Hizo picha za harusi ziweke mahali pakavu, usizigawe kwenye magrupu ya WhatsApp. Hiyo ndo stori yenye ushahidi niliyokuwa naisema: karatasi ya mauziano, picha ya zamani namba inasomeka, namba za chesisi na injini zinalingana. Hapo umeshafanya nusu ya kazi na hujatumia hata elfu kumi.

Soko sasa. Mnunuzi wako ni mtu wa usukani wa kulia, kwa hiyo fikiria Uingereza, Afrika Kusini, Australia, Japani, na wapenzi wa Nairobi. Marekani gari ya zaidi ya miaka 25 inaruhusiwa bila kufuata viwango vyao vya usalama, ila wao wana zao nyingi za usukani wa kushoto, hawana njaa na yako. Uingereza gari ya zaidi ya miaka 30 iliyo katika hali yake ya asili, haijabadilishwa sana, inaweza kuingia kama kitu cha kihistoria, VAT asilimia 5 badala ya 20. Soma tena hapo kwenye "hali yake ya asili" halafu mfikirie yule fundi na injini ya Toyota. Australia wakali sana na asbesto, breki pedi na gasketi za zamani huwa nazo, mnunuzi wa kule ajue hilo mapema ni juu yake. Kenya wana sheria ya kutoingiza gari ya zaidi ya miaka 8, kwa hiyo Mkenya akikwambia "naichukua kesho" muulize anaivusha vipi. Ila Nairobi usiiache, kule kuna Concours d'Elegance, mashindano ya magari yaliyotunzwa vizuri, pale Ngong Racecourse kila mwaka, na kuna Safari Classic ya magari ya zamani toka 2003 ambayo Datsun za namna hii zinakimbia. Wale watu wanajuana. Hata asiyenunua atakuelekeza kwa anayenunua.

Tangazo liandike kwa ukweli wa kuudhi. Picha mchana, kivulini, sio jua la saa saba. Piga kutu karibu kabisa, weka sarafu pembeni waone ukubwa. Piga floo iliyotoboka. Piga hiyo reli ya dereva. Kuku piga pia, nakwambia watu wanapenda. Usiioshe kwa presha, maji yanaingia kwenye matundu na rangi iliyopauka inabanduka. Kitambaa chenye maji na sabuni kidogo inatosha.

---

Mtaa_wa_Pili:

Haya nimebadili msimamo, usiuze kwa laki nne, uza kwa laki tano.

Siriasi sasa, bei ataanzia wapi? Maana mmeongea historia yote hamjataja bei.

---

Spana_Kumi_na_Nne:

Bei haitajwi kabla injini haijazunguka. Ikizunguka kwa mkono ni bei moja, ikiwaka na kutulia ni nyingine, imekwama ni nyingine. Mie nashauri kutumia hela kwenye vitu vitatu tu: betri ya kuazima, kusafisha tanki na kabureta, breki ili iweze kupanda kwenye lori bila kubebwa kama jeneza. Breki za nyuma ni dramu, za mbele diski, masta silinda labda raba zimekufa. Iwake, ipige video kuanzia ikiwa baridi, mkono juu ya redieta mnunuzi aone hujaipasha moto kabla. Plagi mpya, pointi za distribyuta zipigwe msasa mwembamba, pampu ya mafuta ni ya mekaniki iko ubavuni mwa injini. Mpangilio wa silinda kuwaka ni 1-5-3-6-2-4, kama mtu amechanganya nyaya za plagi. Bodi usiguse, zaidi ya kuziba juu ya floo na ubao ili mtu asivunjike mguu.

Bei ukiwa na video hiyo, waachie watu watatu wanne wa nchi tofauti watoe ofa, usitaje wewe kwanza. Akikuuliza dalali "last ngapi" mwambie hakuna last, kuna ofa.

Mwenye hela atataka kumtuma mtu wa kuikagua. Mkaribishe. Asiyetaka kukagua na anataka namba ya akaunti haraka, huyo tapeli. Na anayekwambia atakulipa zaidi halafu urudishe chenji kwa agenti wa meli, huyo tapeli mkubwa zaidi.

---

Mama_Ushauri_Bure:

Nakazia hapo. Hela iingie akaunti ya mirathi au ya msimamizi, isiingie kwenye simu ya mtu, wala ya binamu wa Dar. Na mkataba wa mauziano waandike namba ya chesisi na ya injini zote mbili, mashahidi wawe wa ukoo, mama mkubwa asaini hata kama kwa dole gumba. Na baada ya hapo usajili ufutwe au uhamishwe rasmi kabla gari haijaondoka Isevya, msije mkaletewa faini ya gari ambayo iko Uingereza.

---

Mwana_Isevya:

Wakuu nusu inchi!! Imesogea jioni hii. Spana ndefu nimeazima kwa mzee mmoja aliyestaafu reli, yeye mwenyewe kaja kuiona, kashika kofia, anasema gari hii aliwahi kuisukuma ilipokwama kwenye matope ya Kiloleni. Tumeirudisha tukaisogeza tena, imegota kidogo sehemu moja tukaacha. Tumeongeza mchanganyiko.

Vyuma chakavu wamerudi wamepandisha hadi laki sita, mama mkubwa mwenyewe ndo kawafukuza.

---

Spana_Kumi_na_Nne:

Pale ilipogota usipalazimishe. Rudi nyuma, mbele, nyuma, mbele, kila siku kidogo, plagi zikiwa nje. Huyo mzee wa reli mng'ang'anie, wale wanajua kusikiliza chuma. Ikimaliza raundi mbili niambie hapa, Jumamosi nina safari ya Nzega naweza kupitia hapo na kipima kompresheni. Silinda zikisoma karibu karibu zote sita, tunaingia kwenye tanki.